Kesho mwanangu ni dagaa

Shoga yangu wa Mwanza, za huko? Wazima nyote? Mimi saa hizi ni saa sita na robo usiku, vidole vimeganda gundi, nywele zimejaa vipande vya foili, na nimekukumbuka kwa sababu yule mwanangu mdogo kesho ni dagaa wa kwenu. Usicheke kwanza, ngoja nikupe ya leo toka mchana ndo utacheka vizuri.

Ilianza na kikao cha wazazi shuleni kwa wakubwa, tumeambiwa saa nane kamili tukaanza saa tisa na nusu. Ajenda ya kwanza uji. Ada ilishafutwa zamani alhamdulillah, ila uji tunachanga wenyewe na mchango ni wa hiari, ile hiari unayoijua wewe, ya kusomewa majina mbele za watu. Hapo nilikuwa nasinzia. Nikazinduka mwalimu alipofika kwenye mtaala mpya, maana wa kati yuko la nne na kaka yake la tano, na mimi miaka yote najipa moyo kwamba wamepishana mwaka basi na gharama zitapishana. Kumbe wapi! Hawa waliokuwa la tatu 2024 mtaala ulipoanza wanaishia la sita, walio mbele yao wanaishia la saba kama zamani, kwa hiyo wangu wote wawili wanamaliza 2027, na Januari 2028 nina watoto wawili wa fomu wani kwa mpigo kama vile nilizaa mapacha. Sare mara mbili, matranka mara mbili, magodoro mara mbili wakipangiwa bweni. Nikampigia baba yao kazini kumwambia, akakaa kimya kidogo af akauliza, "huyo wa kati hawezi kurudia darasa?" Mwanaume huyu jamani.

Tumetoka saa kumi na moja kasoro na hafla ya madrasa ya mkubwa kule Mwembechai imeanza toka saa kumi. Wa kati nimemtoa mazoezi ya netiboli na kiatu kimoja mkononi, mdogo nimemwacha kwa jirani, tukapanda boda mshikaki, mimi nyuma, yeye katikati, kutoka Kimara hadi Mwembechai, Ubungo foleni imesimama na yule kijana wa boda anachomeka kila penye upenyo, mimi nasoma kila dua niliyofundishwa utotoni.

Sasa sikiliza. Nafika, vijana ndo wameanza kaswida, dufu zinalia, wote kanzu nyeupe kofia nyeupe. Nikapanda juu ya benchi, simu juu, nikamwona mwanangu mstari wa mbele anapiga dufu huku anayumba, shoga machozi yalinitoka, nikasema kumbe ile kelele ya kugonga meza kila siku nyumbani ilikuwa na maana. Nimerekodi dakika nne nzima, mkono unatetemeka na sikuushusha. Wa kati ananivuta gauni, namwambia niache, ananivuta tena, "Mama, huyo sio kaka." Nageuza macho, mwanangu yuko mstari wa pili, mwisho kabisa, ananiangalia jinsi ninavyomrekodi mtoto wa watu.

Hakusema kitu. Tumerudi mpaka Manzese kimya, nikawanunulia mihogo ya kukaanga na ile pilipili ya kutoa jasho, akala, akafuta mikono kwenye kanzu (nyeupe!), ndo akasema taratibu, "na mimi nilikuwa napiga vizuri." Nilijisikia vibaya mpaka mhogo ukanikwama. Nikaiweka ile video kwenye grupu la madrasa nikaandika mwenye mtoto huyu ni nani, mama yake akajitokeza anashukuru sana, na yeye akanirushia ya kwake, na pembeni kabisa ya video yake unaona kiwiko cha mwanangu. Kiwiko tu. Ila dufu analipiga kweli, tumekiangalia kile kiwiko labda mara kumi, mpaka mwenyewe akaanza kucheka.

Basi nilidhani siku imeisha. Nafungua grupu la darasa la awali la mdogo nakuta ujumbe wa mwalimu, wazazi mnakumbushwa kesho siku ya wazazi, watoto wa igizo la makundi ya vyakula waje na mavazi yao. Mnakumbushwa! Nani alituambia mwanzo? Namuuliza mdogo wewe ni nani kwenye igizo, anajibu kwa fahari, "mimi ni dagaa wa Mwanza, ninajenga mifupa." Mwenzake ni mchicha, wa mchicha unamfunga kitenge cha kijani imeisha. Mimi dagaa nimtoe wapi? Fundi cherehani keshafunga. Nikachukua tisheti ya zamani ya baba yake, foili iliyobaki kwenye keki ya Idi, nikawa nachora magamba kwa kizibo cha soda, wa kati anakata, mkubwa anabandika, moja moja kama tunaezeka bati. Mkia ni boksi la biskuti. Tumefika kwapani uniti zikaisha, giza totoro. Mdogo akapiga makofi: "hivi ndo wanavyotuvua, usiku na taa!" Tukamalizia na tochi ya simu. Macho nimetumia vifungo vya koti la harusi la baba yake, hajui bado, na wewe usimwambie.

Mdogo amekataa kulivua vazi. Amelala nalo, akijigeuza tu nasikia kwaruu kwaruu mpaka huku sebuleni.

Kingine, mwalimu anataka kila mtoto abebe na chakula chenyewe kwenye sahani, wazazi waone. Hapo ndo nikakuhitaji kweli, ila hata ungetuma kwa basi usiku huu wasingewahi. Ndani nina dagaa wa Kigoma tu, wale wazuri nilioficha kwa ajili ya mwisho wa mwezi. Nimeshawakaanga. Nimemwambia mtoto wakimuuliza aseme ni wa Mwanza na asiongeze neno, we nisamehe tu.

Wasalimie wote, na yule mkubwa wako mwulize yuko darasa la ngapi kabla hujaanza kununua magodoro.

Ni mimi shoga yako, Kimara.