Asante kocha wa Iten, jina lako sikushika

Jamani acheni niseme hii. Mwanzo wa muhula binti yangu wa kidato cha pili alikuwa karibu aache mbio, muundi ulimuuma mpaka kushuka ngazi ni kilio, na kocha wake anamwambia tu akaze roho. Siku moja tuko Iten, ule mji wa wakimbiaji hapa Kenya, mzee mmoja mwenye stopwochi shingoni akamwona anachechemea, akamkalisha kwa jiwe, akabonyeza mguu, akageuza viatu, kumbe soli imeisha upande mmoja (na mimi mzazi sikuwa nimeona!). Akamwambia apumzike wiki mbili halafu aanze polepole kwa njia ya udongo, lami aachane nayo, akamwandikia ratiba nyuma ya risiti. Pesa alikataa, chai tu ndio alikubali.

Mzee huyo amefundisha wanafunzi wa sekondari miaka mingi, alijifunzia kwa kumtazama Brother Colm, yule mtawa Muairishi aliyekuja shule ya upili ya St. Patrick's hapo Iten 1976 kufundisha jiografia bila kujua riadha, akaishia kumkuza David Rudisha, aliyeshinda mita 800 kwa 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London 2012. Anasema mtoto asiharakishwe.

Juzi binti kakimbia kilomita tano bila maumivu. Makocha, angalieni viatu vya watoto kwanza. Mzee, ile risiti tumeibandika ukutani.