Cheti si cha kukodisha

Wapendwa wanakikundi, habari za jioni. Nawakumbusha kikao cha Jumamosi saa nne asubuhi. Safari hii tunaongea jambo moja tu: vyeti vya kukodisha, yaani mfamasia kumkodishia mwenye duka cheti chake huku mwenyewe hayupo kazini. Chini ya Sheria ya Famasi ya 2011, famasi lazima isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa na Baraza la Famasi. Cheti kilichotundikwa ukutani hakimuulizi mama kama ni mjamzito. Juzi nilimwona kijana dukani akikata vidonge sita vya amoksisilini, dawa ya antibiotiki, kwa mkasi, bila karatasi ya daktari, bila swali hata moja. Mfamasia mwenyewe yuko mkoa mwingine! Inaniuma sana. Njooni na vibali vyenu tukague tarehe pamoja. Ndugu zetu wa maduka ya dawa muhimu (DLDM) nanyi karibuni.