Traka imfae dereva pia

Mhariri,

Sacco yetu hapa Nakuru inajadili kufunga traka, kifaa cha kufuatilia gari na mwendo wake, katika matatu zote zinazokwenda Nairobi. Nina gari moja la abiria 14, na traka naitaka. Ninachopinga ni kuwatisha madereva kwa faini na kufutwa kazi.

Vitisho tumevijaribu. Tangu kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zianze kutekelezwa mwaka 2004, matatu inatakiwa iwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Anayesafiri kupitia Gilgil amejionea zinavyokimbia. Waya hukatwa, kisha huungwa ukaguzi ukikaribia.

Dereva wangu aliniambia, "Mama, hicho kitu kitaongea na wewe na polisi. Mimi kitaniambia nini?" Ana haki. Akienda polepole trip zinapungua, na target, yaani pesa anazopaswa kuniletea kila siku, ni ile ile.

Tuige Zusha, vile vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walivijaribu mwaka 2008 katika matatu zaidi ya 1,000. Dereva aliyekutwa bado anavyo aliingia katika bahati nasibu ya kila wiki. Hakuna aliyelazimishwa, na madai ya bima yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio kubwa lililofuata lilionyesha upungufu wa robo hadi thuluthi. Hayo ni maisha ya watu, Mhariri!

Basi mwezi wa kwanza ripoti ya traka imfikie dereva peke yake, kwa ujumbe mfupi jioni: amepita 80 wapi, amefunga breki ghafla mara ngapi. Ajirekebishe kabla sisi wenye magari hatujaiona. Baadaye, kila Ijumaa, majina ya walioendesha vizuri yaingizwe katika bahati nasibu na mshindi atumiwe pesa kwa M-Pesa papo hapo. Gari jipya liingie sacco likiwa na traka tayari. Dereva asiyeitaka aje ofisini aeleze sababu, asikilizwe bila kufokewa.

Kampuni za bima nazo zitoe punguzo, na sehemu yake imfikie aliyeshika usukani. Nasi wenye magari tushushe target. Mimi niko tayari kuanza na ya gari langu, na nitalisema hilo mkutanoni mwisho wa mwezi.

Mama mwenye matatu,
Nakuru