Waifai imepotea baada ya kuweka Linux? Kisa ni draiva

Hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ukitaja draiva, watu hugeuka kutazama foleni ya malori. Dukani kwetu draiva ni kitu kingine: programu ndogo inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuelewana na kifaa, iwe kadi ya waifai, printa au kadi ya michoro.

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, tunaletewa laptop nyingi za mtumba tuziwekee Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Mwezi uliopita wakala mmoja wa forodha alirudi amekunja uso. "Fundi, jana ilikuwa inashika, leo haionyeshi hata mtandao mmoja!" Usiku alikuwa amekubali masasisho. Asubuhi alama ya waifai haipo, na nje lori la mteja wake linangoja makaratasi.

Laptop ilikuwa nzima. Msimbo wa Linux, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, na draiva nyingi zimo ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo. Anayeibadilisha keneli hurekebisha na draiva hizo papo hapo. Ila chipu ya mteja wetu ilikuwa na draiva iliyofungwa: mtengenezaji hatoi msimbo wake, kwa hiyo keneli ilipobadilika, hakuna mtu wa nje aliyeweza kuifungua na kuirekebisha. Tuliwasha laptop kwa keneli ya zamani, ambayo bado imo kwenye menyu ya kuwashia. Dakika tano, ikashika.

Ugomvi huu wa draiva zilizofungwa ni wa siku nyingi. Mwaka 2012 Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, aliionyesha Nvidia, kampuni ya kadi za michoro, kidole cha matusi mbele ya kamera (mzee hana simile). Mwaka 2022 kampuni hiyo ilifungua msimbo wa sehemu ya draiva inayokaa kwenye keneli, lakini kwa kadi za kizazi cha Turing (zilizoanza kutoka mwaka 2018) na za baadaye tu. Laptop nyingi za mtumba tunazoletewa ni kuukuu kuliko hizo.

Sisi si walokole wa programu huria. Kama draiva iliyofungwa ndiyo pekee inayofanya kazi, tunaiweka, ila tunakuambia mapema na hatugusi masasisho ya keneli bila kujaribu. Ukituuliza, bora ununue kiwaifai cha kuchomeka kwenye USB chenye chipu ya Atheros AR9271: draiva yake imo ndani ya keneli, na hata programu inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe iko wazi. Hakina kasi ya kujivunia, lakini hakitakuangusha.

Kabla hujafuta Windows, lete laptop tuiwashe kwa flashi ya Linux. Hatugusi faili zako, na kujaribu ni bure. Waifai ikipotea ukiwa nyumbani, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, halafu tupigie. Ukija dukani, usisahau chaja.