Barua ya kufunga muhula: Kiingereza katika madarasa ya juu

Ndugu wazazi na walezi,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Muhula umefungwa salama, vijana wamerudi nyumbani na ripoti zao, na ratiba ya muhula ujao imeambatanishwa. Mambo ya ada na mahitaji ya shule yamo katika karatasi yake, sitayarudia. Barua hii nimeitenga kwa jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza muhula mzima, wengine kwa simu, wengine mlipokuja shuleni: namna tunavyofundisha Kiingereza katika madarasa ya juu.

Maswali yenyewe yanafanana. Mbona daftari la Kiingereza lina notsi chache kuliko madaftari mengine? Mbona insha imerudi haina wino mwekundu, ina viherufi tu pembeni? Mbona mtu akipita nje ya darasa anasikia kelele za wanafunzi na sauti ya mwalimu haisikiki? Ni maswali ya haki, ya mzazi anayefuatilia, na yanastahili majibu kamili.

Nianze na kelele. Kijana anapofika madarasa ya juu ameshafundishwa sarufi ya Kiingereza kwa miaka. Mpe zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi, atapata nyingi. Lakini mwulize maoni yake juu ya habari aliyoisoma jana, utaona anatazama chini, anatafuta maneno, mwishowe anajibu kwa neno moja. Kanuni anazijua. Hajazoea kuzitumia huku mtu amesimama mbele yake anamsubiri. Mtafiti Merrill Swain aliliona jambo hili nchini Kanada, kwa wanafunzi waliokuwa wakisomeshwa masomo yao kwa Kifaransa tangu utotoni ilhali si lugha yao. Kusikia na kusoma waliweza vizuri sana, lakini walipoongea na kuandika, makosa ya msingi yalibaki palepale. Mwaka 1985 alitoa hoja yake: kuelewa peke yake hakutoshi, lazima mwanafunzi asukumwe kuitoa lugha mwenyewe, kwa sababu anapotaka kusema jambo akashindwa ndipo anapogundua kilichompungukia.

Sasa tufanye hesabu. Chukueni darasa la wanafunzi 40 na kipindi cha dakika 40. Mwalimu akieleza kwa nusu ya kipindi, kisha akauliza maswali kwa nusu iliyobaki, kila mwanafunzi anaangukiwa na nusu dakika. Hata hiyo nusu dakika wengi hawaipati, maana wanaonyosha mikono ni walewale wanne au watano wa mbele. Lakini wakikaa wawili wawili na kuzungumza kwa dakika kumi, kila mmoja ameongea dakika tano. Wanafunzi 20 wakiongea kwa wakati mmoja lazima wasikike hadi nje, na sina nia ya kuwanyamazisha.

Kuongea huko kuna utaratibu wake. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la dakika nne, tatu, mbili. Mwanafunzi anapewa mada anayoijua, mathalani jinsi chanjo inavyoufundisha mwili kujilinda, na dakika chache za kujipanga bila kuandika sentensi. Anamweleza mwenzake kwa dakika nne. Msikilizaji haruhusiwi kumkatiza wala kumsahihisha. Kisha wanabadilishana watu, na mwanafunzi yuleyule anamweleza mwingine jambo lilelile kwa dakika tatu, halafu wa tatu kwa dakika mbili. Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand, alilichunguza zoezi hili na kuchapisha aliyoyaona mwaka 1989: kasi ya kuongea ilipanda, kusitasita kukapungua, na baadhi ya makosa ya sarufi yakapungua pia bila mtu kuyataja. Ukikaa darasani unaliona kwa macho yako. Raundi ya kwanza kijana anakwama kila baada ya maneno matatu. Raundi ya mwisho hana nafasi ya kukwama, na maneno aliyoyahangaikia mwanzo sasa yako tayari mdomoni.

Walimu nao wamejifunza kunyamaza. Mmarekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwa kawaida ni kama sekunde moja tu, kisha mwalimu anajibu mwenyewe au anamgeukia mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kujitolea. Kwa anayejibu kwa lugha ya kigeni muda huo una thamani zaidi, kwani analazimika kufikiria jambo lenyewe na pia namna ya kulisema. Kwa hiyo mkiingia darasani mkakuta mwalimu ameuliza swali na kimya kimetanda, msidhani amesahau somo.

Kuna zoezi jingine ambalo baadhi ya vijana wamewasimulia kuwa ni imla, nanyi mkashangaa kwamba vijana walio karibu kuwa watu wazima wanapewa imla. Ni imla ya kikundi, na ni kazi ngumu. Mwalimu anasoma kifungu kifupi, sentensi tano au sita, kwa kasi ya kawaida ya mazungumzo. Mara ya kwanza kalamu ziko chini. Mara ya pili wanaruhusiwa kunasa maneno machache tu. Baada ya hapo kila kundi linakijenga kifungu upya, kwa maana ileile na kwa sarufi sahihi, kabla ya kukilinganisha na kile cha mwalimu. Muhula huu nilikaa nyuma ya darasa moja likifanya zoezi hilo. Kifungu kilihusu daraja lililokuwa limefungwa kabla mafundi hawajafika. Kundi lililokuwa karibu nami lilibishana muda mrefu kama waandike “was closed” (lilifungwa) au “had been closed” (lilikuwa limeshafungwa). Binti mmoja, ambaye kwa kawaida husikika mara chache, alichora mstari kwenye karatasi, akaweka alama mbili, ya kufungwa na ya kufika kwa mafundi, akawauliza wenzake kipi kilitangulia. Ubishi ukaisha. Wakati huo wa kitenzi ulikuwa katika notsi zao tangu mwaka uliopita, lakini siku hiyo waliuhitaji ili sentensi isimpotoshe msomaji.

Habari ndefu tunazigawa vipande. Kila mwanafunzi wa kundi anapewa sehemu yake peke yake, anakutana na wenzake wa makundi mengine wenye sehemu hiyohiyo ili waielewe vizuri, kisha anarudi kuwafundisha wa kundi lake. Mpango huu ulibuniwa na mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Texas, katika shule ambazo wanafunzi wa rangi tofauti walikuwa wameanza kusoma pamoja na uhasama ulikuwa mkali. Alitaka watoto wahitajiane. Sisi tunautumia kwa Kiingereza kwa sababu hiyohiyo ya kuhitajiana: mwenye kipande cha tatu hawezi kujificha nyuma ya hodari wa darasa, maana hodari huyo hajakiona kipande cha tatu.

Midahalo imeendelea kama miaka yote. Tumeongeza sharti moja, kwamba kabla hujampinga mwenzako ueleze kwanza hoja yake mpaka akubali kwamba umemwelewa. Limepunguza hotuba za kukariri kuliko nilivyotarajia.

Ugumu upo, na mzazi ana haki ya kuujua. Wapo vijana wanaoumia wanapotakiwa kuongea, na hao hatuwasimamishi mbele ya darasa zima. Wanaanza na mwenza mmoja wanayemzoea, kisha watatu, na wengine wamemaliza muhula wakiwa wamefika hapo tu. Vilevile katika makundi baadhi hurudi kwenye lugha waliyoizoea nyumbani. Wakati wa kupanga mawazo hatuwakatazi, mradi kazi inayowasilishwa iwe kwa Kiingereza. Kijana akikatazwa kabisa kufikiri kwa lugha anayoimudu, mara nyingi huleta sentensi safi zisizo na kitu ndani.

Sasa viherufi vya pembeni. Mwalimu anaposoma insha, hasahihishi kosa. Anaweka alama kwenye mstari wenye kosa: herufi moja ni ya wakati wa kitenzi, nyingine ya tahajia, nyingine ya neno lililosahauliwa. Mwanafunzi analitafuta kosa, analirekebisha, anaandika insha mara ya pili, na alama za mwisho zinatolewa kwa insha hiyo ya pili. Insha iliyojaa wino mwekundu humpa mwalimu kazi ya kufikiri, na mwanafunzi hutazama alama aliyopata akafunga daftari. Hatuweki alama kwa kila kosa pia. Kila insha ina aina mbili au tatu tu zinazoangaliwa, zilizotajwa mapema. Mkikuta kosa limeachwa, huenda zamu yake bado. Ile “s” ya mwisho wa kitenzi cha nafsi ya tatu, kwa mfano, ni kanuni ya somo la mwanzo kabisa, lakini utafiti wa miaka mingi unaonyesha kuwa ni miongoni mwa vitu vinavyochelewa sana kukaa sawasawa katika maongezi ya mwanafunzi. Kumkemea hakuiharakishi. Naomba tu mnapotazama daftari mzisome insha zote mbili, ya kwanza na ya pili, mkizilinganisha.

Kuhusu mtihani, niwatoe wasiwasi. Sarufi inafundishwa, mazoezi ya kuandika yapo, ufahamu na ufupisho vipo, na maswali ya miaka iliyopita yanafanywa. Notsi zimepungua kwa sababu maelezo yaliyomo kitabuni hatuyanakili tena ubaoni.

Kitu kinachonipa wasiwasi zaidi ni msamiati, na hapo ndipo likizo inapohusika. Nation huyohuyo alikadiria mwaka 2006 kwamba ili mtu asome riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada anahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno anayokutana nayo, na kufika huko kunadai maneno ya msingi kati ya 8,000 na 9,000, kila moja pamoja na maumbo yake. Tukifundisha maneno kumi kila wiki, kwa wiki 36 za masomo, tumepata 360 kwa mwaka. Hakuna darasa litakaloziba pengo hilo. Linazibwa na kusoma, tena kusoma kwingi kwa vitabu vyepesi. Huko Fiji, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai waliweka vitabu vya hadithi vya Kiingereza kwa wingi katika madarasa ya shule za msingi za vijijini, na mwaka 1983 wakaripoti kwamba watoto waliovisoma waliwaacha mbali wenzao waliofuata masomo ya kawaida. Wetu ni wakubwa kuliko hao, lakini njia ya kuokota maneno kwa kuyakuta mara nyingi ndiyo hiyohiyo.

Kwa hiyo kila mwanafunzi ameazima vitabu viwili vya maktaba alivyojichagulia. Kipimo cha kitabu kinachofaa ni rahisi: fungua ukurasa wenye maneno kama 250, maneno mageni yakizidi matano, chukua kilicho chepesi zaidi. Tafadhali msione aibu mkimkuta kijana mkubwa na kitabu chembamba. Kitabu kigumu kinachofunguliwa kamusi kila mstari huachwa ukurasa wa tatu.

Insha za likizo hatukutoa. Siku hizi zipo programu za kuandika insha nzima kwa sekunde chache, na sitaki tusahihishe kazi ya mashine. Badala yake kila mwanafunzi atajirekodi kwa simu akieleza kitabu alichosoma, kwa dakika nne, kisha tatu, kisha mbili, na kujisikiliza. Asiye na simu amweleze ndugu au rafiki. Rekodi haziletwi shuleni, ni zake.

Wengi mmeniuliza mtasaidiaje wakati Kiingereza chenu ni kidogo au hamkijui kabisa. Mwulizeni kitabu kinahusu nini, nani alimkosea nani, na yeye angefanyaje, kwa lugha mnayozungumza nyumbani. Aliyeelewa atasimulia, na ambaye hakusoma mtamtambua upesi. Mzazi anayekijua Kiingereza naye namwomba ajizuie kumsahihisha mtoto katikati ya sentensi. Jibu alichosema kwanza. Ukitaka, rudia wazo lake kwa umbo sahihi ndani ya jibu lako, na mazungumzo yaendelee. Wala hakuna haja ya kupiga marufuku lugha ya nyumbani ili Kiingereza kikue.

Wiki ya kwanza ya kufungua shule kila mwanafunzi atazungumzia kitabu chake mbele ya kundi dogo, na vitabu vyote virudishwe wiki hiyo. Mzazi anayependa kuja kukaa darasani na kujionea anakaribishwa muhula mzima. Atoe taarifa ofisi ya taaluma siku moja kabla, ili apangiwe kipindi na kiti.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika malezi ya vijana wetu,

Mkuu wa Shule