Wawili waliotugeuzia mgongo hawakuwa utangulizi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu makala ya ukurasa wa utamaduni iliyoielezea ngoma ya Germaine Acogny wa Senegal na Malou Airaudo wa Ufaransa, iitwayo common ground[s], kuwa ni utangulizi tu wa ngoma kubwa iliyoifuata, na ambayo haikuona haya kuwaita wasanii hao wawili wanenguaji wazee. Niliitazama ngoma hiyo katika ukumbi wa Sadler's Wells, London, mwezi Juni 2022, na kwa kuwa mwandishi wako hakutuambia kama naye aliwahi kukaa ukumbini, nimeona nieleze nilichokiona mimi.

Kwanza nimtendee haki: hayuko peke yake. Wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani walioandika juu ya usiku ule waliwapa kina mama hawa mistari michache ya maneno mazuri, kwamba wana upole, wana utu, wana heshima ya umri, kisha nafasi yote iliyobaki wakaimwaga kwenye The Rite of Spring, kazi ya mwaka 1975 ya mtunzi wa ngoma wa Ujerumani, Pina Bausch, juu ya muziki wa Mrusi Stravinsky, ambamo binti mmoja huchaguliwa atolewe kafara kwa kucheza mpaka afe, iliyochezwa safari hii na vijana zaidi ya 30 kutoka nchi 14 za Afrika. Wala sishangai. Mwaka 2020, korona ilipovunja onyesho la kwanza lililokuwa lifanyike Dakar, vijana wale walipigwa picha wakifanya mazoezi ufukweni Toubab Dialaw, kulekule Senegal, na filamu ile ikazunguka duniani ikiwa na The Rite peke yake. Hivyo mtu aliyeingia ukumbini alikuwa amekwisha kujua anamsubiri nani.

Halafu kuna ule udongo. Wakati wa mapumziko wengi wetu hatukutoka kwenda kunywa chochote, kwa sababu mafundi wa jukwaa waliingia na mapipa ya magurudumu, wakayabinua moja baada ya jingine, wakautandaza udongo mweusi kwa reki mpaka jukwaa zima likawa kama shamba lililongoja mvua. Walifanya kazi kimyakimya, kila mtu na upande wake, na nadhani ile peke yake ilikuwa ngoma nzuri kuliko nyingi nilizolipia kiingilio. Lakini ndipo lilipo kosa la mpangilio, nami nalitia mikononi mwa waandaaji, si mwa wahakiki: ukiwaweka watu wawili mbele ya mzigo mkubwa kiasi hicho, utakuwa umewahukumu wasahaulike kabla hawajasimama.

Sasa nirudi kwao. Mwanzoni walikuwa wameketi kwenye mwanga hafifu, wamevaa magauni meusi marefu, wametugeuzia mgongo, na gongo refu la mti liko mikononi mwao. Walikaa hivyo muda ambao kwa mtazamaji wa London ni mrefu mno. Kijana aliyekuwa kiti cha mbele yangu alitazama saa yake. Kwetu kumpa mgeni mgongo ni utovu wa adabu, nami nikiri kwamba dakika za mwanzo nilijisikia kama nimeingia uani kwa watu bila kubisha hodi. Baadaye ndipo nilipokumbuka anachofundisha Acogny. Katika mbinu aliyoibuni na kuifundisha kwa miongo kadhaa, uti wa mgongo ndio mti wa uhai ambao mwendo wote huanzia hapo, kifua ni jua, makalio ni mwezi. Mwanamke huyu, aliyezaliwa mwaka 1944, aliyeiongoza shule ya ngoma ya Mudra Afrique mjini Dakar kuanzia 1977 hadi 1982 na kisha mwaka 1998 akaanzisha na mumewe shule ya École des Sables, anapokugeuzia mgongo hajakunyima kitu. Amekuonyesha kitu chenyewe, na mhakiki anayeandika kwamba hapo hakukuwa na mwendo alikuwa anasubiri miguu.

Mwenzake naye si wa kupitiwa haraka. Airaudo, mzaliwa wa Marseille, alijiunga na kundi la Bausch kule Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1973 na alikuwa miongoni mwa wachezaji sita wa kwanza wa Café Müller, ngoma nyingine ya Bausch, mwaka 1978. Mikono yake bado ina ile tabia ya kuanza jambo na kulikatisha katikati, kama mtu aliyesahau alichotaka kuomba. Acogny hukanyaga, Airaudo hupeperuka kidogo, kisha hushikwa. Walipokumbatiana, mmoja mrefu wa kichwa kilichonyolewa, mwingine mdogo wa mwili, sikuona udugu wa mabara mawili kama ulivyopambwa katika baadhi ya maandishi. Niliona watu wazima wawili wanaopimana uzito, kila mmoja akijaribu kujua mwenzake ataweza kumbeba hadi wapi.

Jambo lililonisikitisha zaidi ni kwamba makala yako haikutaja hata kwa neno moja kuwa mwaka 2014, akiwa na miaka 70, Acogny alicheza peke yake The Rite ya aina yake, Mon élue noire, iliyotungwa na Olivier Dubois juu ya muziki uleule wa Stravinsky. Msomaji akilijua hilo, usiku mzima unageuka. Yule aliyeketi kwenye sehemu ya kwanza ni mtu aliyekwisha kuchaguliwa atolewe kafara, akacheza, na bado yuko hai anapumua mbele yetu, dakika chache kabla binti mwingine hajapewa gauni jekundu na kucheza mpaka afe. Huo si utangulizi. Ni jibu lililotolewa kabla ya swali, na ajabu ni kwamba limetolewa kwa sauti ya chini.

Mimi ni mtu wa Tanga, na shangazi yangu alikuwa wa lelemama. Nilipokuwa mdogo niliwaona wanawake wa makamo wamejipanga, miili imetulia, viganja tu vinageuka, na hakuna aliyesema kuwa wale hawachezi. Watu walijua nani mkono wake una maneno. Wasomaji wako wengi wamekulia karibu na ngoma za namna hiyo, na ndiyo maana inanishangaza gazeti la Kiswahili kuazima macho ya watu ambao kwao ngoma ya Mwafrika ni lazima itoke jasho ndipo iitwe ngoma.

Sisemi kazi ile haina dosari. Vitu vilikuwa vingi: mti, vigoda, mawe, na kila kimoja kiliwekwa chini kabla hakijamaliza kusema. Katikati palikuwa na dakika kama tano hivi ambapo nilihisi wanafahamiana vizuri mno, kiasi cha kutusahau sisi tuliokuwa nje ya mazungumzo yao. Mhakiki angeandika hayo ningemshukuru, maana angekuwa ameangalia.

Ninachoomba ni kidogo. Ngoma ya nusu saa ipewe aya zake, ielezwe kilichoonekana kabla ya kuelezwa ilikuwa na thamani gani, na wasanii watajwe kwa kazi zao. Mwaka 2021 Acogny alitunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo ya tamasha la sanaa la Biennale ya Venice, na hilo lingeingia katika mstari mmoja. Neno wanenguaji libaki kwenye habari za bendi zetu, ambako lina wenyewe.

Msomaji wako wa Tanga, kwa sasa London.