Zabibu zinamkana muuza bangili

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita, kwenye daladala ya kutoka Hombolo kwenda mjini, alipanda kijana na bangili za sumaku. Damu ina chuma, akatuambia, na sumaku huvuta chuma. Basi ukiivaa damu inavutwa, inakimbia vizuri, presha inashuka. Mama aliyekaa jirani yangu akafungua fundo la kanga, akatoa shilingi 15,000. Nilinyamaza, nami nilikuwa mtunza maabara wa sekondari hadi nilipostaafu nikarudi kwenye zabibu zangu.

Nilipofika nyumbani nikamwita mjukuu. Tukachomeka zabibu mbili kwenye ncha za mrija wa soda, tukafunga uzi katikati, tukauning'iniza kwenye kenchi. Upepo wa Dodoma mnaujua: tulifunga madirisha tukasubiri mrija utulie, karibu robo saa, jasho likitutoka. Sumaku ya spika ya redio haikufanya lolote la kuonekana. Nikaleta ile ndogo inayong'aa niliyoitoa kwenye diski ya kompyuta iliyokufa (imeshanibana kidole mara mbili), nikaisogeza bila kugusa. Zabibu ikaondoka, polepole, kama mtu anayemkwepa anayemdai. Mjukuu akasema nimeshika upande usio wenyewe. Nikageuza. Ikakimbia tena.

Zabibu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hukimbia sumaku, ncha zote mbili, ila kwa nguvu ndogo mno. Mwanasayansi Faraday wa Uingereza aliichunguza tabia hiyo mwaka 1845. Wataalamu huiita udayamagneti. Elektroni za atomu zikikutana na uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu yake inafika, hujibu kwa usumaku mdogo wa kuupinga. Uga ukiwa mkali sana, udogo huo unatosha kubeba mwili: mwaka 1997, huko Uholanzi, mwanafizikia Andre Geim na wenzake walimweka chura hai ndani ya koili ya sumaku ya umeme ya takriban tesla 16 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga), zaidi ya mara kumi ya mashine ya MRI ya tesla 1.5, ile ya hospitali ya kupiga picha za ndani ya mwili. Chura akaelea hewani, akatoka mzima. Mjukuu sasa anatafuta chura. Nimemwambia koili hatuna.

Na chuma cha damu si msumari. Kimefungwa ndani ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, na mwaka 1936 wanakemia Pauling na Coryell walionyesha kwamba himoglobini iliyobeba oksijeni nayo hukataliwa na sumaku. Kwa hiyo bangili, ikifanya chochote kwa damu hiyo, inaisukuma, tena kidogo kuliko zabibu yangu.

Mama yule akisoma hapa, asiache vidonge vyake vya presha. Mrija bado unaning'inia. Akipita Hombolo aje ausogezee bangili yake mwenyewe.

Mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma